Gari Isiyo na Dere Ikikugonga, Utashika Nani Shati?

Wacha tuanze na hii risto ya San Bruno, mji mdogo uko karibu na San Francisco, Marekani. Ni Septemba 2025, usiku, na makarao wametoka kufanya msako wa walevi, ile kitu sisi hapa tunaijua kama alcoblow. Mara gari moja inapiga U mbele yao mahali hairuhusiwi. Wanaiwashia taa, inasimama kando kwa adabu zote. Karao anatembea hadi dirishani, anachungulia ndani. Usukani uko, kiti kiko, dere hakuna. Ilikuwa teksi ya Waymo, zile gari zinajiendesha zenyewe.

Sasa utafanya nini? Huwezi kuiambia ipulize. Huwezi kuitisha leseni. Na kama wewe ni karao wa ile aina sote tunaijua, hata kitu kidogo huwezi kuitisha, kwa sababu gari haina mfuko. Polisi wa San Bruno walipigia kampuni simu, wakaeleza kilichotokea, wakaiachilia iende zake. Baadaye waliandika mtandaoni kwamba kitabu chao cha faini hakina kisanduku cha kutia alama ya roboti.

Watu walicheka sana. Lakini hebu fikiria, badala ya kupiga U hiyo gari ingekuwa imegonga mtoto. Nani angewekwa ndani usiku huo?

Sheria za barabara karibu kila mahali zimeandikwa zikijua kuna mtu ameketi nyuma ya usukani. Mkataba wa Vienna wa 1968 ulisema wazi kwamba kila gari inayotembea lazima iwe na dereva. Yetu hapa, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kutumika 1954, wakati gari yenyewe ilikuwa kitu cha mzungu na chifu. Ukiisoma, ni mtu, mtu, mtu. Mtu asiendeshe bila leseni. Mtu akiendesha akiwa amelewa. Mtu akiua mwingine kwa kuendesha vibaya, hiyo ni kifungu cha 46, na inaweza kukufungia hadi miaka 10. Toa huyo mtu hapo katikati na sheria yote inabaki inaelea.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kitu kimoja, kwa sababu hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa. "Gari inajiendesha" si kitu kimoja. Wataalamu wana ngazi, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 0 ni ile Probox ya shags, kila kitu ni wewe. Ngazi ya 2, gari inaweza kushika usukani, kuongeza mwendo na kufunga breki yenyewe, lakini wewe bado ndio dere na macho yako lazima yawe barabarani. Autopilot ya Tesla iko hapo, hata kama jina linakudanganya. Ngazi ya 4 ndio hizo Waymo: hakuna mtu kabisa, lakini zinafanya kazi mitaa fulani tu zilizoijua kwa ramani. Ngazi ya 5, gari inayoweza kujipeleka popote, kuanzia Kangemi hadi Kapenguria mvua ikinyesha, hiyo bado haiko duniani.

Shika hiyo tofauti ya ngazi ya 2 na ya 4. Mamilioni ya dola yamepiganiwa kotini juu yake.

Kifo cha kwanza

Kesi iliyofungua macho ya dunia ilitokea Tempe, jimbo la Arizona, Machi 18, 2018, karibu saa nne usiku. Mama wa miaka 49 alikuwa anavuka barabara pana akisukuma baiskeli. Hakuwa kwa zebra. Volvo ya Uber iliyokuwa inafanyiwa majaribio ilikuja ikiwa kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, ikamgonga, akafa. Alikuwa mtu wa kwanza wa kutembea kwa miguu kuuawa na gari inayojiendesha.

Gari ilikuwa imemwona. Hiyo ndio sehemu inauma. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza mwaka mzima na zaidi ikapata kwamba mitambo ya gari ilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Sekunde tano na nusu ni muda mrefu, hesabu polepole uone. Lakini programu ilianza kubishana na nafsi yake. Mara ni gari. Mara ni kitu kisichojulikana. Mara ni baiskeli. Na kila ilipobadilisha maoni, ilisahau alikotoka na kuanza upya kukisia anaenda wapi. Ndani ya hiyo programu, wazo kwamba mtu anaweza kuvuka mahali hakuna zebra halikuwa limewekwa.

Soma hiyo tena ukiwa umekaa hapa Nairobi. Wazo la mtu kuvuka mahali hakuna zebra. Kwa hesabu ya hiyo kompyuta, watu wote wa Githurai si watu.

Kuna mengine. Hiyo Volvo ilitoka kiwandani na breki yake ya dharura inayojifunga yenyewe, lakini Uber walikuwa wameizima wakati kompyuta yao inaendesha, ndio mifumo miwili isivurugane. Na hapo mwanzo kila gari ya majaribio ilikuwa na watu wawili, mmoja wa kuangalia barabara na mwingine wa kushughulika na mitambo. Kampuni ikapunguza, ikabaki na mmoja. Huyo mmoja, mwanamke aliyekuwa ameajiriwa kukaa kwa kiti cha dere na kuchunga, alikuwa anaangalia kipindi cha kuimba kwa simu.

Sasa nipe hukumu yako. Nani ana makosa?

NTSB, ambayo haifungi mtu, iligawanya lawama: mwanamke wa kwa usukani hakuwa makini, Uber hawakuwa na utamaduni wa usalama, na jimbo la Arizona lilikuwa limefungua mlango bila kuweka askari. Hiyo ya mwisho ni kweli kabisa, kwa sababu gavana wa Arizona alikuwa amezikaribisha hizo kampuni kwa mikono miwili, hasa baada ya Uber kukosana na California mwisho wa 2016.

Lakini kotini ilikuwa hadithi nyingine. Machi 2019 mwendesha mashtaka alisema hakuna msingi wa kuishtaki Uber kwa jinai. Familia ya marehemu ilikuwa tayari imekubaliana na kampuni nje ya koti, siku chache tu baada ya kifo. Mwanamke wa kwa usukani ndiye alishtakiwa mwaka wa 2020 kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kesi ikamning'inia hadi Julai 2023, akakubali kosa dogo la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya kuangaliwa na maafisa wa probesheni. Uber nao walikuwa wameshauza hicho kitengo cha magari kwa kampuni nyingine inaitwa Aurora, wakaendelea na maisha.

Sisemi huyo mwanamke hakukosa. Ulilipwa uangalie barabara, angalia barabara. Lakini kuna wasomi Marekani wana jina la hii kitu, wanaiita sehemu ya gari inayopondeka. Unajua vile mbele ya gari hutengenezwa ibonyee kwa ajali ndio walio ndani wasiumie? Sasa binadamu anawekwa kwa mtambo abonyee hivyo hivyo, ndio kampuni isiumie. Wewe uliyewahi kufanya kazi mahali vitu vikienda vizuri ni sifa za mdosi na vikiharibika ni mshahara wako unakatwa, unaelewa bila kufafanuliwa.

Na utafiti unaonyesha nini kuhusu kuangalia mtambo unaofanya kazi vizuri karibu kila siku? Binadamu hawezi. Akili inalala. Marubani walijua hiyo zamani.

San Francisco: hakuna hata wa kushtakiwa

Hiyo ya Tempe angalau kulikuwa na mtu ndani. Oktoba 2, 2023, hapo San Francisco, hakukuwa na mtu.

Mwanamke alikuwa anavuka barabara. Gari ya kawaida, yenye dereva binadamu, ikamgonga na ikahepa. Huyo dere alikimbia kama wale wetu wa Mombasa Road saa nane usiku. Mwanamke akarushwa hadi mbele ya teksi ya Cruise, kampuni ya General Motors, iliyokuwa haina dere. Roboti ikapiga breki kali, lakini ikamgonga. Mpaka hapo, kusema ukweli, hata mimi nisingeilaumu. Binadamu wengi wangemgonga pia.

Ni kilichofuata ndio ngori. Gari ilisimama. Halafu ikafikiri imegongwa kwa ubavu, na ilikuwa imefundishwa kwamba ukigongwa, usisimame katikati ya barabara, jitoe kando. Ikaanza kujitoa kando na mtu akiwa chini yake. Ilimburuta kama mita sita. Dere yeyote, hata yule mwenye alinunua leseni, angesikia nduru na ashuke.

Mwanamke alipona, na baadaye alilipwa. Lakini angalia vile kampuni ilijibeba. Walipokutana na maafisa wa serikali kesho yake, hawakusema kwa mdomo kwamba gari ilimburuta mtu. Mawakili waliolipwa kuchunguza walikuja kuandika kwamba wafanyakazi walitaka video ijisemee, na intaneti ikawa inakwama. Ndio, umesoma vizuri. Kampuni ya mabilioni, mji wa teknolojia kuliko yote duniani, na ungo wa utetezi ni kwamba neti ilikuwa mbaya. Mwanafunzi wa kampasi anayechelewesha kazi ya nyumbani ana sababu kama hiyo.

Oktoba 24 California iliwanyang'anya kibali. Mwezi uliofuata bosi wa Cruise alijiuzulu. Mwaka wa 2024 faini zikaanza kumiminika, dola milioni 1.5 kwa shirika la usalama barabarani na nusu milioni nyingine kwa kukubali walitoa ripoti ya uongo. Desemba 2024 General Motors ikafunga duka la teksi za roboti kabisa.

Sasa ukae chini ufikirie. Adhabu iliyowapata ilikuwa hasa ya kuficha. Kwa kumburuta mtu, nani alipelekwa kotini? Gari haiwezi kuhukumiwa, haina nia, na jinai inataka nia au angalau uzembe wa mtu fulani unayeweza kumnyooshea kidole. Yule aliyeandika msitari wa "jitoe kando" alikuwa anajaribu kuondoa msongamano. Aliyempa kazi hakujua. Aliyeijaribu hakuwahi kuwaza mtu akiwa chini ya gari. Makosa yamekatwa vipande vidogo hadi hakuna mwenye kipande kikubwa cha kumfunga.

Kwa pesa mambo ni tofauti

Kwa kesi za madai, ambapo mtu anatafuta fidia si jela, koti zimeanza kuamka. Agosti 2025, baraza la waamuzi huko Miami liliamua kesi ya Tesla ya mwaka wa 2019. Dere alikuwa amewasha Autopilot, simu ikamwanguka, akainama kuitafuta. Gari ikapita moja kwa moja barabara ilipoishia na kugonga gari iliyopakiwa. Msichana wa miaka 22 aliyekuwa amesimama hapo akafa na mpenzi wake akaumia vibaya.

Tesla walisema kile husema siku zote: dere ndiye alikosa, tulimwambia ashike usukani. Na waamuzi walikubali, kwa sehemu. Asilimia 67 ya lawama wakampa dere. Asilimia 33 wakaipa Tesla, na ukijumlisha adhabu ya kuitia kampuni adabu, ikafika kama dola milioni 243. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya bilioni 31. Tesla wakasema hawakubaliani na wataendelea kupigana.

Hoja iliyobeba hapo ilikuwa ya biashara zaidi ya kompyuta. Ukiuza kitu kwa jina linalomfanya mtu aamini gari inajiendesha, huwezi kumgeuka siku ya ajali useme maandishi madogo yalisema asiamini.

Uingereza, ambao hupenda kuandika sheria kabla ya kitu kufika, walipitisha sheria mbili ambazo naona zina akili. Ya 2018 inasema gari inayojiendesha ikiumiza mtu, kampuni ya bima inalipa kwanza, halafu ndio iende ikapigane na waliotengeneza gari. Wewe uliyevunjika mguu huambiwi ungoje miaka sita wataalamu wabishane kuhusu programu. Ya 2024 inasema gari ikiwa inajiendesha kihalali, wewe uliyeketi ndani hushtakiwi kwa vile ilivyoendesha. Kampuni iliyoombea hiyo gari kibali ndio inabeba msalaba. Mambo mengine kama bima na mkanda bado ni yako.

California nao walitia sahihi sheria Septemba 2024 inayowaruhusu polisi kuandikia kampuni notisi gari yake ikivunja sheria, kuanzia Julai 2026. Ni notisi, si faini kama yako na yangu. Kichekesho kidogo, lakini ni mwanzo.

Kuna swali moja watu hupenda kuuliza kwa baa: gari ikiwa lazima igonge mzee au mtoto, ichague nani? Chuo cha MIT kilitengeneza mchezo wa mtandaoni kuuliza hilo, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalikuwa na majibu karibu milioni 40 kutoka karibu kila nchi. Ni swali tamu na halina maana kubwa barabarani. Gari ya Tempe haikuchagua kati ya watu wawili. Haikujua mtu ni mtu.

Lakini si binadamu wanaua zaidi?

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu najua kuna msomaji ameshaanza kuandika maoni. Ndio, binadamu wanaua zaidi. Hapa Kenya barabara inamaliza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na hakuna hata mmoja aliuawa na roboti. Waliuawa na walevi, na waliosinzia, na wale wa kupita lori kwa kona Salgaa. Kampuni ya bima Swiss Re ilifanya utafiti pamoja na Waymo wenyewe, wakaangalia maili milioni 25 za hizo teksi, na mwisho wa 2024 wakasema madai ya watu kuumia yalikuwa chini kwa asilimia 92 kuliko ya madereva binadamu. Hata ukipunguza kidogo kwa sababu mwenye duka alikuwa mezani, hiyo bado ni namba kubwa. Roboti haipigi chupa, haijibu simu ya mpoa.

Na kuna watu hizi gari zinawapa uhuru. Oktoba 2015 huko Austin, mwanamume asiyeona alikaa peke yake ndani ya gari ya Google na ikampeleka. Kama una mzee nyumbani ambaye macho yameenda na anategemea nani amerudi mapema ampeleke hospitali, hiyo si hadithi ndogo.

Lakini wakaaji wa San Francisco nao hawakuwa wajinga walipoanza kuzivalisha koni za barabarani kwa boneti mwaka wa 2023. Ukiiweka koni, gari inachanganyikiwa na kuganda hapo hapo. Wazima moto wa huo mji walilalamika mara zaidi ya hamsini kwamba hizo gari zinazuia kazi yao. Februari 2024 umati ukachoma moja kwenye sherehe za mwaka mpya wa Kichina. Oktoba 2025 Waymo moja ikaua paka wa dukani anayeitwa KitKat, aliyependwa na mtaa mzima, na mtaa ukawaka kuliko walivyowahi kuwaka kwa gari ya mtu. Dere akigonga paka, angalau kuna uso wa kuomba msamaha.

Ah, na kamera. Hizo gari zinarekodi pande zote saa zote, na polisi wa Marekani wameshaenda kotini kuomba video zake kwa kesi zisizohusu gari yenyewe. Gazeti moja la San Francisco liliandika 2023 kuhusu watu wanaofanya mambo ya chumbani ndani ya teksi zisizo na dere. Mpenzi msomaji, hakuna dere, lakini usifikirie uko peke yako.

Kazi za watu

Waziri wa barabara wa India, Nitin Gadkari, alisema 2017 kwamba nchi yake haitaruhusu gari zisizo na dere, kwa sababu zitakula kazi za watu, na amerudia hiyo tangu hapo. Huko Wuhan, China, teksi za Apollo Go za Baidu zilipozidi 2024, madereva wa kawaida walipiga kelele.

Kwetu, ukimtoa dere wa mathree, umemtoa na makanga, na mpiga debe, na yule mama wa mahindi pale steji, na mwenye kuosha gari usiku. Ingawa sioni roboti ikiweza Ronga hivi karibuni. Roboti inangoja nafasi ndio iingie. Kwa Ronga nafasi hungoji, unaingia ndio nafasi itokee.

Lakini kuna Wakenya ambao hizi gari ziliwapa kazi, na ni wachache wanalijua hili. Gari haizaliwi ikijua mtu ni nini. Lazima mtu achukue picha za barabarani, moja moja, achore mstari kuzunguka kila kitu na akipe jina: huyu ni mtu, hii ni baiskeli, hiyo ni taa. Mwaka wa 2018 BBC iliwaonyesha vijana wa Kibera wakifanya hiyo kazi Nairobi kwa kampuni ya Samasource, kwa karibu dola 9 kwa siku, kama soo tisa za wakati huo. Wengi zaidi waliifanyia nyumbani kupitia Remotasks ya kampuni ya Marekani inayoitwa Scale AI. Machi 2024 Remotasks ikafunga Kenya, watu wakaamka hawawezi kuingia kwa akaunti zao.

Kwa hiyo kisheria kuna swali hakuna koti imelijibu. Gari ikikosa kumtambua mtu wa baiskeli kwa sababu kuna picha iliyopewa jina baya, lawama inashuka hadi wapi? Kwa mkataba wa hiyo kazi, kijana wa Kibera hayuko popote. Ana namba ya akaunti tu. Na ukikumbuka vile kesi ya Tempe ilivyomalizikia kwa mtu wa chini kuliko wote, una haki ya kuwa na wasiwasi.

Na wewe hapa Nairobi?

Waymo haiji Thika Road kesho. Lakini ngazi ya 2 ishafika, na labda uko nayo kwa paking. Gari zinazotoka Japan zikiwa chini ya miaka minane ndizo tunaruhusiwa kuingiza, na nyingi za miaka hiyo zina hizo akili kidogo. Subaru yenye EyeSight, ile ina kamera mbili juu ya kioo cha mbele, inaweza kushika mwendo wa gari iliyo mbele na kufunga breki yenyewe. Toyota nyingi ziko na yao. Watu wanaiwasha Southern Bypass, wanarelax.

Kwa Sura ya 403, wewe ndio dere. Hakuna karao wa Kenya, wala hakimu wa Milimani, atasikia ati "ni gari ilifunga breki vibaya". Ukigonga mtu na hiyo kitu imewashwa, kesi ni yako, leseni ni yako, na kama ni kifo, kifungu cha 46 ni chako. Unaweza kujaribu kumshtaki aliyetengeneza gari, lakini gari ni mtumba, maandishi ya skrini ni ya Kijapani, na aliyekuuzia pale yadi ya Ngong Road alikuandikia kwa risiti kwamba umeinunua vile iko.

Bima nayo, soma kabla hujatia sahihi. Kwa Sura ya 405, ile ya bima ya mtu wa tatu, aliyeumizwa kwa kawaida analipwa na kampuni ya bima hadi milioni tatu. Kilicho juu ya hapo kinakutafuta wewe mwenye gari. Muulize wakala wako kwa maandishi kama gari yenye mfumo wa kujifunga breki au kushika leni ina masharti yoyote tofauti, na uhifadhi jibu.

Na kama ni wewe umegongwa: piga picha ya namba ya gari na stika ya bima, muulize dere mbele ya watu kama kuna kitu kilikuwa kimewashwa, chukua namba ya OB siku hiyo hiyo. Gari nyingi za sasa zinahifadhi ndani yake mwendo na breki za sekunde za mwisho kabla ya ajali. Mwambie wakili aiandikie kampuni ya bima barua mapema, gari isitengenezwe wala kuuzwa kabla hizo rekodi hazijatolewa, kwa sababu ikishafika Kirinyaga Road ikafunguliwa, hutazipata tena.